Ripoti ya ruzuku iliyoniponza

Juzi usiku dada mmoja ameniandikia: "Kaka, ripoti ya mwaka ya mfadhili inatakiwa Ijumaa na sijaandika hata mstari mmoja. Nianzie wapi?" Nikamjibu aanze na yale yaliyoshindikana. Akanyamaza. Nahisi alitaka nimtumie ripoti yangu abadilishe majina na tarehe. Dada, sikukunyima. Ripoti ya kwanza niliyoandika maishani ukiiona utanihurumia, na ndiyo iliyonifunza karibu kila ninachokijua.

Ruzuku ile ilikuwa ya kwanza nikiwa mtafiti mkuu, na nilitembea kifua mbele. Kwenye andiko la mradi tuliahidi washiriki 240 kwa miaka miwili, nusu yao mwaka wa kwanza. Kibali cha maadili kikachelewa miezi minne. Kosa lilikuwa langu: nilipeleka toleo la zamani la fomu ya ridhaa, likarudishwa, nikalirekebisha nusunusu, likarudishwa tena. Mwaka unaisha, tunao washiriki 47.

Nikaona aibu. Basi nikaandika kurasa 19. Sita za mwanzo nilizinyofoa kwenye andiko lenyewe, kana kwamba mfadhili amesahau alichokilipia. Nikaweka picha za mafunzo, nikaorodhesha vikao, nikaandika kwa mkono wangu kwamba "uandikishaji wa washiriki unaendelea vizuri". Ile 47 huikuti popote. Nilipobonyeza kutuma nilijiona fundi.

Nilichosahau ni kwamba ripoti ya fedha haikupita kwangu. Aliiandaa mhasibu, naye hakuwa na cha kuficha: tumetumia asilimia 31 tu ya fedha za mwaka. Ofisa wa mradi upande wa mfadhili akaziweka zote mbili mezani na kuniuliza swali moja. Kazi inayoendelea vizuri, wasaidizi wa utafiti wanakwendaje kwa washiriki bila nauli, na maabara inapimaje bila kulipwa? Barua ilikuwa na mistari mitatu. Ninayo hadi leo.

Awamu ya pili ya fedha ikazuiwa miezi mitano. Msaidizi wangu, kijana aliyejua data zetu kuliko mimi, mkataba wake ukaisha katikati ya zogo hilo, akaenda kutafuta riziki kwingine. Hilo ndilo linaloniuma, maana yeye hakuandika hata neno moja la ile ripoti. Na mfadhili simsafishi. Maelezo tuliyapeleka ndani ya wiki moja, yakakaa kwenye meza ya mtu miezi yote hiyo. Lakini nilijitakia.

Baadaye, nilipoanza kusoma masharti badala ya kuyapitia juujuu, niligundua kwamba waliotunga fomu hizi wanajua fika kuwa utafiti huchelewa. Mfumo wa ripoti unaotumiwa na mashirika ya serikali ya Marekani yanayofadhili utafiti una sehemu maalumu ya mabadiliko na matatizo, na pale usipokuwa na la kusema unaruhusiwa kuandika kwamba huna la kuripoti. NIH, yaani Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, wanakuuliza waziwazi kama unatarajia kubaki na zaidi ya asilimia 25 ya bajeti iliyoidhinishwa ya mwaka. Ukisema ndiyo, unaeleza kwa nini. Swali limewekwa pale kwa ajili ya watu kama mimi wa 47. Mimi nilikuwa nalikimbia swali ambalo jibu lake lilikuwa sentensi mbili.

Tarehe nazo zisome kwenye mkataba wako, usimwulize jirani wa ofisi. NSF, shirika la serikali ya Marekani linalofadhili sayansi, wanataka ripoti ya mwaka siku 90 kabla kipindi cha bajeti hakijaisha, yaani unaripoti mwaka ambao bado unauishi. Miradi ya Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, huripotiwa ndani ya siku 60 baada ya kipindi kuisha. Na kwa NSF, ripoti iliyochelewa inaweza kukwamisha hata maombi mengine ya mtafiti mkuu na wenzake.

Siku hizi Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi nakaa dakika 20 na faili moja: tumefanya nini, wangapi, nani amefanya kazi miezi mingapi, makala gani imetoka na kama namba ya ruzuku imetajwa humo, nini kimekwama. Basi. Kabla ya kuandika ripoti nakaa na mhasibu. Narudia: kaa na mhasibu. Halafu kila lengo naliandikia hivi: tulipanga 120, tumefikia 47, sababu ni hii, miezi ijayo tutafanya hivi. Na jambo kubwa, kama kubadilisha lengo la utafiti au mtafiti mkuu, liombee idhini mapema. Ukisubiri kulichomeka ukurasa wa 11 wa ripoti, umechelewa.

Ndugu zangu, tuambiane ukweli. Darasani tunawafokea wanafunzi wanaochakachua takwimu. Tukifika kwa mfadhili tunageuka wapambe: kila kitu "kizuri", kila kikao "chenye mafanikio makubwa". Mwanafunzi angeniletea sura ya matokeo iliyoandikwa kama ripoti yangu ile, ningemrudishia siku hiyohiyo. Tunaogopa nini? Mfadhili alikubali kulipia jambo ambalo jibu lake halijulikani, hiyo ndiyo maana ya utafiti.

Mwezi uliopita nimetuma ripoti ya mradi mwingine. Kurasa tano. Aya ya pili inasema friza iliharibika wikendi, tukapoteza sampuli 38, na ratiba imerudi nyuma kwa robo mwaka. Mkono ulinitetemeka kuituma, sidanganyi. Kesho yake ofisa akajibu: je, tungependa kuomba nyongeza ya muda bila nyongeza ya fedha? Akaambatanisha na fomu.

Dada, kama bado unasoma: simu ya kwanza kesho asubuhi impigie mhasibu. Mwombe jumla ya matumizi kwa kila lengo, sio kwa mradi mzima. Kisha niandikie namba zako, hata zikiwa mbaya kuliko 47.