Maswali ya wasomaji: Kompyuta jukwaani

*Barua za safari hii zimetoka kwa bendi changa zinazopiga muziki wa kielektroniki mubashara.*

Tuko wawili: mimi kwenye kompyuta, mwenzangu anaimba. Nyumbani biti inasikika vizuri, ila ukumbini kiki (ngoma nzito ya chini) na besi vilipotea, tukabaki na vinanda vya pembeni tu. Fundi mitambo akasema biti yetu mbovu. Ni kweli? – Msomaji, Mwanza

Biti haina kosa, waya ndio wenye kosa. Dalili hizo hutokea mkitoa sauti kwenye tundu la hedifoni kwa waya wenye jeki ya stereo huku na huku, kisha mkauchomeka kwenye chaneli moja ya mikisa. Chaneli ile haiijui stereo. Ikiona jeki yenye mistari miwili myeusi hudhani ni waya wa balansi kama wa maiki (unaobeba sauti ileile mara mbili, moja ikiwa imegeuzwa), basi huondoa sauti ya kulia kwenye ya kushoto na kupitisha tofauti peke yake. Kilicho sawa pande zote mbili hufutika, na kiki na besi karibu kila mara hukaa katikati.

Nunueni waya wa Y: upande mmoja jeki ndogo ya stereo ya milimita 3.5, upande wa pili jeki mbili za mono (sauti moja tu kila moja) za milimita 6.35, mstari mmoja kila moja. Kushoto kuingie chaneli moja, kulia nyingine. Mikisa ikiwa mbali zaidi ya mita tano hivi, pitisheni kila upande kwenye kiboksi cha DI (kinachogeuza sauti iwe ya balansi) kilicho karibu na kompyuta, na kuanzia hapo waya uwe wa maiki.

Kabla ya kutoka nyumbani, sikilizeni nyimbo zote kwa mono, kushoto na kulia vikiwa vimeunganishwa, maana spika za kumbi nyingi ni mono. Sintesaiza ikififia, punguzeni ule upana wa stereo mlioiongezea.

Nikichomeka chaja, spika zinavuma, nikiichomoa zinanyamaza. Rafiki amenishauri nikate mguu wa ethi kwenye plagi. – Msomaji, Nakuru

Usikate! Ule mguu mnene wa juu ndio unaolinda uhai wako. Hitilafu ikitokea kwenye chaja au mikisa isiyo na ethi, umeme utatafuta njia nyingine ya kwenda ardhini, na mwimbaji aliyeshika gitaa huku midomo ikigusa maiki ni njia tosha.

Mvumo huo unakuja kwa sababu kompyuta na mikisa zimeunganishwa na ardhi mara mbili: kwa nyaya za umeme, na tena kwa waya wa sauti. Tumia kiboksi cha DI chenye transfoma ndani, kisha sukuma kile kiswichi chake cha kukata ethi. Kinakata ethi ya waya wa sauti tu. Ya umeme inabaki salama. Kama huna, jaribu kuchukua umeme wa kompyuta kwenye soketi ileile ya mikisa. Kupiga kwa betri nako kunasaidia, ila kompyuta nyingi hupunguza kasi zikiwa kwenye betri na sauti ikaanza kukwaruza. Ikikwaruza, ongeza bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta huiandaa kabla ya kuitoa): sampuli 256 kwenye kasi ya 44,100 kwa sekunde ni ucheleweshaji wa karibu milisekunde 6, na 512 ni karibu 12. Kwa anayefyatua vipande vya biti 512 inavumilika. Anayepiga kinanda kwa vidole ataanza kulalamika.

Singeli yetu inazidi mapigo 250 kwa dakika. Studio kila mdundo unasikika, ukumbini inakuwa uji. – Msomaji, Dar es Salaam

Pigeni hesabu kwanza. Kwenye mapigo 300 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 200 na robo yake ni 50. Katika milisekunde 50 sauti husafiri mita 17 hivi. Ukuta wa nyuma ukiwa mita 15 kutoka jukwaani, mwangwi huwarudia walio mbele baada ya karibu milisekunde 90, robo mpya ya pigo ikiwa imeshaingia. Bolingo la taratibu lingependeza humo, singeli inajikanyaga.

Basi fupisheni kiki iishe ndani ya milisekunde 120. Kateni kila kitu chini ya hezi 40, na kwenye maiki ya MC chini ya 120. Ngoma zisiwekewe mwangwi wowote, maana ukumbi tayari unao. Inamisheni spika ziwatazame watu, zisiutazame ukuta. Kama kuna spika za pili katikati ya ukumbi, mita 17 kutoka za mbele, fundi azicheleweshe milisekunde 50. Bila hivyo walio nyuma watasikia kila pigo mara mbili.

Halafu kuna vile vipande vya taarabu ambavyo wapigaji wa singeli huvitia kwenye biti na kuvikimbiza. Ukiongeza kasi mara mbili bila kurekebisha noti, sauti hupanda oktavu nzima, na vinanda vinarundikana kati ya hezi 2,000 na 4,000. Hapo sikio ni jepesi mno, na hapo ndipo maneno ya MC yanapoeleweka. Punguzeni desibeli 3 kwenye kipande, si kwenye maiki. Mafundi wengi hufanya kinyume, kisha MC anapayuka hadi sauti inakauka.

Tunataka kuomba nafasi kwenye matamasha. Tutume nini zaidi ya nyimbo? – Msomaji, Arusha

Video ya onyesho halisi, hata ya simu, bila kuhaririwa. Sauti za Busara la Zanzibar, lililoanza 2004, linataka muziki upigwe mubashara, kwa hiyo mwenye kompyuta aonekane anafanya nini. Nyege Nyege la Uganda, lililoanza 2015, limezoea kompyuta na ndilo lililoipandisha singeli majukwaa mengi.

Ambatisheni ukurasa mmoja wa chaneli: 1 na 2 kompyuta kushoto na kulia, kwa DI; 3 gitaa; 4 maiki ya mwimbaji; 5 maiki ya akiba. Andikeni pia soketi ngapi na ziwe wapi, meza ya urefu gani, monita (spika za kuwasikilizisha mnaopiga) ngapi. Mkipewa dakika 30, pangeni nyimbo za dakika 25.