Masika si msimu wa nyanya

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: mvua za masika zimeanza na bei ya mboga haishikiki, je, mkazi wa mjini mwenye ua mdogo anaweza kujilimia mboga na matunda nyumbani, na aanze na nini? Mimi naishi Dar es Salaam, nalima uani kwangu mwaka mzima, na jibu langu ni ndiyo, ila asianze na nyanya.

Najua nyanya ndiyo inayomjia kila mtu kichwani kwanza, maana ndiyo inayotutoa pesa kila siku. Mvua ya kwanza ya Machi ikinyesha, watu wanakwenda duka la pembejeo kuulizia mbegu zake. Tatizo ni kwamba nyanya na mvua ya Aprili haviivi chungu kimoja. Majani yakilala yamelowa usiku kucha, ukungu unapata pa kuanzia. Angalia majani ya chini: utaona mabaka ya kahawia yenye miviringo ndani ya miviringo, kisha jani zima linageuka njano. Mche ukiponea hapo, kuna mnyauko wa bakteria. Mmea unasinyaa mchana ungali wa kijani, na ukiumwagilia haubadiliki. Ukitaka uhakika, kata kipande cha shina karibu na mzizi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi na usikitikise. Baada ya dakika chache, uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye kidonda, huo ndio mnyauko wenyewe. Ng'oa mche na udongo wake, na hapo usipande tena nyanya, bilinganya wala pilipili kwa muda mrefu.

Wakulima wa biashara wanavuka masika kwa kupiga dawa za ukungu mara kwa mara au kwa kuezeka nailoni juu ya matuta. Mtu wa nyumbani anayelima ili ale chakula kisicho na dawa, hesabu hiyo haimfai.

Masika inapenda majani. Ningekuwa na tuta moja tu ningepanda matembele, mboga ambayo wengi wanaidharau mpaka iadimike. Hakuna mbegu ya kununua. Omba marando kwa jirani au nunua fungu gengeni, pika majani, ubakize mashina marefu yaliyokomaa kidogo. Kata vipande vya kama sentimita 30, ondoa majani ya chini, fukia nusu ya kipande kwa kukilaza kidogo, na hakikisha vifundo viwili au vitatu vimeingia ardhini, kwa sababu mizizi hutokea hapo. Kwa mvua hii, wiki haiishi kabla hujaona vichipukizi. Baada ya wiki tano au sita anza kuchuma ncha, na kila ukichuma, rando linatoa matawi mengine. Chagua yale ya bustani, yenye majani laini. Yale ya shamba la viazi yanalika, lakini kazi yake kubwa ni kulisha kiazi.

Mchicha unakua haraka zaidi, wiki tatu hadi nne uko sufuriani, ila mvua kubwa inaupiga. Tone zito likiangukia mche wa siku tano linauzika kabisa, au linaurushia udongo mpaka ukila unasikia mchanga kwenye meno. Dawa yake ni kichanja cha nyasi juu ya tuta, kama goti kwenda juu, kukata makali ya mvua mpaka miche ishike. Mbegu zake ni ndogo sana, zichanganye na mchanga mkavu ndipo umwage kwenye mistari, la sivyo zitaota kwa mafungu. Nyumbani usiung'oe kama wanavyofanya wauzaji. Ukate ukibakiza kisiki cha sentimita 10 hivi, utachipua tena.

Kuhusu tuta lenyewe: upana usizidi mita 1, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga. Wakati wa masika liinue sentimita 20 au 30, maana maji yanayosimama yanaozesha mizizi. Udongo wa sehemu nyingi za Dar ni kichanga, na mvua inapita na rutuba yote kwenda chini, kwa hiyo samadi weka kidogo kidogo kila baada ya wiki kadhaa. Ya kuku ni kali. Ikitoka bandani iache chini ya turubai kama miezi miwili kwanza, vinginevyo itaunguza miche. Ya ng'ombe ni ya taratibu zaidi, na kwenye kichanga inasaidia udongo kushika maji. Asiye na udongo kabisa atumie ndoo za rangi zilizotobolewa chini au viroba vilivyojazwa udongo na samadi. Msimu huu huenda akamshinda hata mwenye tuta, kwa sababu ndoo unaweza kuisogeza chini ya upenu mvua ikizidi.

Bamia na nyanya chungu navyo vinavumilia. Ipo nyanya chungu inayoitwa Tengeru White, kazi ya watafiti wa mboga wa kule Tengeru, Arusha, na ikianza kuzaa inaendelea kwa miezi. Kwenye uzio weka kisamvu cha mpira. Ni mti, haukuombi maji, unakata matawi unavyotaka, mradi majani uyatwange na uyapike mpaka yaive sawasawa, kwa kuwa yana sumu yakiwa mabichi. Wazee waliopitia kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, miaka ya 1974 na 1975, hawahitaji kuelezwa habari za kupanda chakula kila penye nafasi.

Adui wa msimu ni konokono. Wale wakubwa wenye gamba la kahawia wanatoka usiku mvua ikinyesha, na asubuhi unakuta mistari mizima ya miche imekatwa. Majivu wanayopendekeza watu yanafanya kazi mpaka yalowe, yaani katika Aprili karibu hayafanyi kazi. Chukua tochi na ndoo, waokote baada ya saa mbili usiku. Ni kazi ya watoto, nao wanaipenda, ila wanawe mikono vizuri wakimaliza.

Sasa matunda. Hapa masika ni neema tupu, kwa sababu mche uliopandwa Aprili unapata wiki nyingi za kushusha mizizi kabla jua halijakaza. Mwenye haraka apande mpapai. Toa mbegu kwenye papai uliloridhika na utamu wake, zisugue kwa majivu mpaka ule ute unaozizunguka utoke (ute huo ndio unaozichelewesha kuota), zisuuze, zianike kivulini, kisha zisie kwenye viriba. Miche ikifika kimo cha shubiri, pandikiza mitatu kwenye kilima kimoja cha udongo, umbali wa sentimita 30 kati ya mmoja na mwingine. Nasema kilima, si shimo: mpapai uliosimama kwenye maji hata siku mbili unaweza kufa.

Kwa nini mitatu? Kwa sababu mche wa mpapai haukuambii kama ni dume au jike mpaka utoe maua, baada ya miezi mitano au sita. Dume anatoa vikonyo virefu vinavyoning'inia vikiwa na vimaua vingi vyembamba. Jike anatoa ua moja kubwa lililobana shina, na ukilifungua chini yake utaona kipapai kidogo kimeshatuna. Kuna na wenye jinsia mbili, huo hauhitaji dume na unazaa papai refu. Bakiza ule unaozaa, kata mingine. Mwenye majike matupu aache dume mmoja mahali, au aulize kama jirani anaye.

Pasheni ipande kwenye uzio, na kwa Pwani chagua ya njano, kwani ile ya zambarau inataka baridi ya milimani. Panda miche miwili iliyotoka kwenye mashina tofauti, sababu ya njano haijichavushi yenyewe. Na usimfukuze yule nyuki mweusi mkubwa anayetoboa mbao za paa, kwa pasheni yeye ndiye fundi. Ndimu nunua mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa juu ya shina la aina nyingine, na kila chipukizi linalotoka chini ya pale ulipobebeshewa lipogoe, hilo si ndimu uliyoilipia.

Kuna mtu atauliza kama haya yanalisha familia. Hayalishi. Unga, maharage na kitunguu utaendelea kununua. Lakini matuta mawili ya mita 3 yananitosha mboga za majani, na najua zimemwagiliwa na nini. Kwa jiji ambalo mboga za Bonde la Msimbazi zimepimwa na watafiti zaidi ya mara moja na kukutwa na metali nzito, hilo kwangu lina uzito kuliko shilingi ninazookoa.

Na asiyeweza kuishi bila nyanya zake mwenyewe, asie mbegu kitaluni katikati ya Mei, chini ya paa la nailoni. Aina ya Tanya inafaa, ina ganda gumu na si chotara, hivyo mbegu zake unaweza kuzitunza. Juni mvua ikikatika, hamishia miche nje, ipate hewa ya kipupwe. Hapo utakutana na kantangaze, kiwavi anayechimba majani ya nyanya, badala ya ukungu. Kila ukiona jani lenye njia nyeupe zilizochimbwa ndani, lichume, lifunge kwenye mfuko na uuache juani siku nzima kabla ya kuutupa.