Mashine ya kidole kazini: kama inahesabu dakika za kuchelewa, ihesabu na za kuzidisha

Mkuu umeuliza bosi wako anataka kufunga mashine ya alama za vidole kiwandani, watu wamekasirika wanasema ni kuwindwa, je ikubaliwe au ikataliwe. Mimi nashughulikia mahudhurio kwenye kiwanda cha matofali na paving, mashine tunayo, nakujibu kwa niliyoyaona.

Ikubalini, ila kwa masharti.

Zamani tulikuwa na daftari getini, na kila mtu anajua ilivyokuwa, mmoja anafika saa kumi na mbili anasaini watu wanne ambao bado wako kwenye daladala. Anayeumia hapo sio bosi tu, ni yule aliyekuja mapema akafanya kazi ya watu wanne. Mashine ilipoingia hilo likaisha. Lakini wiki ya kwanza tu likaja lingine, mafundi wa zege wanaweka kidole mashine inakataa, anafuta kwenye suruali anaweka tena inakataa, foleni imefika barabarani na dakika zinahesabika. Saruji inakula ngozi ya vidole jamani, yule mtu wa mchanganyiko mistari ya kidole gumba imelainika kabisa na mashine inasoma hiyo mistari, pale inapoishia na inapogawanyika. Tukawasajili upya kwa vidole vya mkono wa kushoto, cha kati na cha pete, wengi wakapita. Waliobaki tukawapa kadi. Kwahiyo hakikisheni mtu hakatwi hela kwa sababu mashine imemkataa, liwepo daftari la dharura na msimamizi asaini hapohapo.

Sasa hili ndilo linalonikera. Viwanda vingi mashine inatumika upande mmoja. Umechelewa dakika kumi na mbili, zinaonekana mwisho wa mwezi. Umetoka saa mbili usiku badala ya saa kumi na moja jioni, unaambiwa eti ovataimu haikuidhinishwa, wakati supavaiza mwenyewe ndiye aliyekuzuia usiondoke mpaka gari lipakiwe! Huo ni wizi, sina neno lingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hapa Tanzania iko wazi, masaa ya kawaida hayazidi 45 kwa wiki, ovataimu inalipwa mara moja na nusu na isizidi masaa 50 ndani ya wiki nne, na kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Zamani ukidai ilikuwa neno lako na neno la bosi, sasa muda wa kuingia na kutoka upo kwenye mashine yao wenyewe, hata ukifika CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, una cha kuomba kiletwe mezani. Ndio maana nasema msiikatae.

Sharti kubwa basi, kila wiki masaa ya kila mtu yachapishwe apewe ayaone kabla ya mshahara kufungwa, maana umeme ukikatika na betri ya mashine imekufa saa inaweza kurudi nyuma, na mtu wa ofisini mwenye pasiwedi anaweza kurekebisha muda asijue mtu.

Kuhusu hofu ya alama kuibiwa, hofu hiyo ni halali, msiwacheke wenzenu. Mashine nyingi hazitunzi picha ya kidole, zinatunza namba zilizotokana nacho, lakini bado ni taarifa zako na kidole hakibadilishwi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka alama hizi kwenye taarifa nyeti, kwahiyo mwajiri awaambie kwa maandishi anazikusanya za nini, nani anazifikia, na mtu akiacha kazi zinafutwa lini. Akikwepa kujibu, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo na inapokea malalamiko.

Halafu niambie mpo wangapi kwa zamu moja, maana mashine moja getini kwa watu mia mbili ni ugomvi wa kila asubuhi.