Nyumba ya wakfu kwa watoto wa kiume tu

SUALI: Assalaam alaykum shehe. Umri umekwenda, nina mke mmoja, wana wawili na mabinti watatu walioolewa. Nyumba yangu ya Mji wa Kale, Mombasa, sitaki iuzwe. Nimeshauriwa niiandikie trasti ya familia: kodi niendelee kuila mimi, nikifa iwe wakfu wa wale wana wawili. Mabinti wana waume zao. Yajuzu?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, mzee wangu.

Iite trasti, iite wakfu, sheria yauliza: leo hii mwenye nyumba ni nani? Sayyidna Umar alipopata ardhi Khaybar, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza azuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Akaitoa kwa sharti isiuzwe, isirithiwe, wala isitolewe zawadi. Ilimtoka mkononi akiwa hai. Wewe kodi waitaka bado, na katika madhehebu yetu ya Shafi mtu hajiwekei wakfu nafsi yake. Mahanbali, wenzetu wa madhehebu ya Hanbali, wameliruhusu hilo, sikufichi, lakini halikuokoi na yanayofuata.

Maana umesema "nikifa", na wakfu wa baada ya kufa hukumu yake ni ya wasia. Wasia mwisho wake thuluthi, yaani theluthi moja ya mali, na Mtume amesema hakuna wasia kwa mrithi. Hati yako haitasimama mpaka warithi wengine, ukishafariki, waridhie kwa hiari yao.

Sasa mabinti, na hapa nitakukera. Hii hoja ya "wana waume zao" naisikia sana huku pwani. Mwenyezi Mungu alipogawa katika Suratun Nisaa hakuuliza binti kaolewa au la. Tena hesabu yako ni nyepesi ajabu: mali ni mafungu 8, mke 1, kila mwana 2, kila binti 1. Mafungu 4 ya wanawake katika nyumba hiyo ndiyo utakayoyafuta. Sahaba Bashir alipotaka kumpa zawadi mwanawe Nuuman peke yake, Mtume alimuuliza kama watoto wote amewapa mfano wake. Alipojibu la, akakataa kushuhudia dhuluma. Na Bashir alikuwa mzima, akitoa chake!

Ukiwa hutaki iuzwe kweli, itoe wakfu sasa, usingoje maradhi ya mauti: kwa mke wako, watoto wote watano na dhuria wao, kisha maskini, dhuria hao wakikatika. Kodi uwaachie. Ikiwa kodi hiyo ndiyo chakula chako, basi iache irithiwe, na uusie thuluthi au pungufu kwa yatima, madrasa, au jamaa asiyerithi. Sahaba Saad bin Abi Waqqas aliambiwa na Mtume kuwa thuluthi nayo ni nyingi.

Andika mbele ya mashahidi wawili waadilifu. Na kama mkeo bado anakudai mahari, hilo ni deni. Hutolewa kabla ya wasia na kabla ya mirathi, basi liandike la kwanza.

Wallahu aalam.