Nilivyompoteza fundi wangu bora kwa sababu ya kaizen

Juzi Jumamosi tumekabidhi vitanda 14 vya gesti siku ileile tuliyoahidi. Mnaoijua Keko, huku kwetu kwa mafundi samani wa Dar, mnajua fundi kutimiza tarehe ni habari ya kutangaza redioni, kwahiyo leo naandika kichwa kimevimba kidogo mnisamehe.

Dada mmoja kaniuliza inbox, ana vyerehani sita, aanzie wapi na kaizen, ule utaratibu wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogo kidogo. Dada angu usianzie nlipoanzia mimi. Nlienda semina siku mbili, nikapewa zile S tano za kupanga sehemu ya kazi, sasambua (toa visivyohitajika), seti (kila kitu na mahali pake), safisha, sanifisha (wote mfuate utaratibu mmoja), shikilia (iwe mazoea), nikarudi nimepandwa mzuka. Asubuhi mistari ya njano sakafuni, mabango, kila randa na patasi ina msumari wake ukutani, na vile vipande vya mninga vilivyorundikana nyuma nikaviuza kuni. Kumbe ndo hivyo mzee wetu, mkuu wa mafundi, alikuwa anachongea miguu ya stuli. Na chaki zake kwenye mbao, ambazo niliwaambia vijana wafute eti tunasafisha, ndo zilikuwa daftari la oda zote, kazi ya nani, advansi imeingia au bado, vipimo. Wiki hiyo mlango wa kabati la mtu tuliukata mara mbili. Mzee akabeba msumeno wake akaondoka, mpaka leo hapokei simu yangu na inaniuma jamani.

Mfumo sio mbovu, hospitali ya rufaa Mbeya walianza na S hizihizi 2007. Mbovu nlikua mimi, nlitaka karakana ifanane na slaidi.

Baadae sana ndo nikafuata kitanda kimoja na kalamu, toka mbao inashuka kwenye guta mpaka vanishi ya mwisho. Kazi yenyewe siku nne, foleni siku tisa! Tunasubiri mashine ya kuranda ya jirani, tunasubiri mteja achague rangi. Sasa mistari ya njano ingesaidia nini hapo? Tukaanza kupeleka mbao za oda tatu kwa pamoja, na rangi inachaguliwa siku ya advansi, basi.

Kwahiyo andika kwanza kazi inavyokwenda kweli, sio unavyomwambia mteja. Muulize anayeshika chombo kabla hujatupa chochote. Halafu ndo uangalie S ipi inakaa wapi, na nyie wamiliki mnaopenda mabango acheni, muulizeni fundi, narudia muulizeni. Zile alama za chaki za mzee tumezirudisha, ziko kwenye ubao mkubwa mlangoni, pembetatu advansi imeingia, duara vanishi ya pili.

Dada ukimaliza kuandika nitumie picha nione, ila wikiendi hii usinitafute, nina makochi ya watu.