Fezi hazilingani? Usigawe kwa tatu

Laini ya volti 400 inayotoka kwenye transfoma ya mtaani (400 kati ya fezi na fezi, 230 kati ya fezi na nyutro, waya wa kurudisha mkondo) ni nadra kuwa na mzigo sawa kwenye fezi zote, yaani nyaya zake tatu zenye umeme. Ukitaka kujua volti inayomfikia mteja, ukijumlisha ampea na kugawa kwa tatu, utapata jibu zuri, la uongo.

Chukua kebo ya ABC (nyaya zilizofunikwa na kusokotwa pamoja) ya mita 500, aluminiamu ya milimita mraba 50, omu 0.641 kwa kilomita, nyutro ya unene uleule. Mwishoni fezi A inavuta ampea 40, B 20, C 10, pawafekta 1 (mkondo unaenda sambamba na volti). Riaktansi (ukinzani unaotokana na sumaku ya mkondo) ya kebo iliyosokotwa ni ndogo, iache. Kwa wastani volti inashuka 7.5 tu, yaani wateja wote wanapata 222.5. Hesabu ya kweli ni nyingine: mikondo ikijumlishwa kwa pembe zake, nyutro inabeba ampea 26.5, na volti inayopotea humo inamwongezea hasara mteja wa A. Yeye anabaki na kama 209, B 225, na C anapata 233, juu ya 230 iliyotoka kwenye transfoma! Fundi asiyejua hili atailaumu transfoma bure.

Laini ikiwa na matawi, anza na volti 230 kwenye kila nguzo, kwa pembe za digrii 0, −120 na 120. (Ukizianza zote kwa 0, nyutro itaonekana kubeba jumla ya mikondo yote.) Kwa kila mzigo gawanya VA (volti-ampea, ukubwa wa mzigo) kwa volti ya fezi yake na uchukue konjugeti (geuza alama ya pembe ya jibu): huo ndio mkondo. Jumlisha mikondo kutoka ncha za laini kurudi kwenye transfoma. Kisha geuka: kutoka transfoma kwenda ncha, toa impedansi (ukinzani wote wa waya) mara mkondo, ukiihesabu nyutro kama waya wa nne. Rudia mpaka volti zisibadilike zaidi ya 0.01. Zikikataa kutulia, kagua kwanza kama umechanganya VA na kVA. Vipimo vikiwa sawa, huenda mzigo umezidi uwezo wa laini.

Njia hii haifai moja kwa moja kwa mtandao wenye kitanzi, ambamo umeme unafika mahali pamoja kwa njia mbili. Wala usiifute nyutro kwenye matrisi (jedwali la impedansi za nyaya) kwa kudhani volti yake ni sifuri kila nguzo, ilhali imefungwa ethi kwenye transfoma peke yake.

Kinachoharibu hesabu nyingi, hata hivyo, ni daftari la kuonyesha kila mteja yuko fezi gani. Mita imeandikwa iko A kumbe ilihamishiwa C wakati wa matengenezo. Pima kwa klampumita (kipima-ampea cha kubana waya) kila fezi na nyutro saa za jioni, ulinganishe na hesabu kabla ya kuhamisha mteja yeyote.