Andamana, lakini mgonjwa apite

Mimi ni mtu wa maandamano, niseme mapema ndo mtu asiseme nimetumwa. Lakini naishi karibu na Kondele, hapa Kisumu, na najua barabara ikifungwa pale nani huumia kwanza, si mheshimiwa, ni mama mjamzito ametoka Mamboleo na tuktuk anaenda Russia, yaani hospitali ya Jaramogi.

Katiba ya Kenya kifungu cha 37 inatupa haki ya kuandamana bora iwe kwa amani na bila silaha, na cha 43 kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Zote ni zetu, hakuna haja ya kuzipiganisha.

Ile barua ya maandamano ya kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, sheria inataka ifike kati ya siku 3 na 14 kabla, na wengi huiandika kama wanaomba ruhusa. Si ruhusa, ni taarifa. Sasa humo andikeni njia yote mtapitia, mtaje hospitali na shule zilizo njiani na upande gani wa barabara mtawacha wazi, na mubaki na nakala imegongwa muhuri.

Halafu tafuteni watu wa boda wasimamie hiyo njia, juu wao umati huwasikiza kuliko mwenye maikrofoni. Nishaona kijana wa boda na reflekta yake katikati ya lami, ambulensi inakuja, anapuliza firimbi, watu wanajigawa huku na huku na wimbo haujakatika hata kidogo. Shida ni wagonjwa wetu wengi hawaji na king'ora, wanakuja na tuktuk ama wamebebwa kwa boda, kwa hivyo mkubaliane kabisa, mwenye kadi ya kliniki anapita bila maswali. Na yule wa kuitisha hamsini ndo afungue njia, huyo si mwandamanaji, mtoeni nyinyi wenyewe kabla polisi wamtumie kuwachafulia jina.

Kingine, tiagasi ikianza msikimbilie geti ya hospitali. Polisi watawafuata na moshi haujui wodi ya watoto ni gani. Pangeni mapema mtatawanyikia wapi, na OCS naye mumwambie wazi mkiwa ofisini kwake, hakuna kurusha karibu na wodi.

Na kama wewe ndo una kliniki siku hiyo, toka alfajiri. Maandamano ya hapa hayaanzi kabla watu wanywe chai.